Kuvunjika kwa Ujenzi wa Programu Huria za Ngazi ya Chini Katika Majukwaa Tofauti: Vyanzo, Uchunguzi na Urekebishaji

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu zinazofanya programu huria za ngazi ya chini, hususani zilizoandikwa kwa lugha ya C, zijengeke vizuri katika jukwaa moja na kushindwa katika jukwaa jingine. Ufafanuzi umefuata hatua za ujenzi wenyewe, yaani usanidi, utafsiri wa msimbo, uunganishaji na uendeshaji. Hoja inayojengwa ni kwamba mahali kosa linapojitokeza mara nyingi si mahali lilipozaliwa, na kwamba hatua ya usanidi ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa vipimo vyake hutoa majibu mawili ilhali hali halisi ni tatu. Kisa cha maktaba ya XZ cha mwaka 2024 kinatumiwa kuonesha kuwa udhaifu huo si suala la usumbufu wa kiufundi peke yake, bali pia ni suala la usalama.

1.0 Utangulizi

Programu huria husambazwa kwanza kama msimbo chanzo. Kabla ya kutumika, msimbo huo hauna budi kujengwa, yaani kugeuzwa kutoka maandishi ya mwanaprogramu na kuwa maelekezo yanayoeleweka na kichakataji. Kwa programu za ngazi ya juu, kazi ya kukabiliana na tofauti za mashine hufanywa na lugha yenyewe. Programu za ngazi ya chini hazina mwamvuli huo. Maktaba za kubana data, za usimbaji fiche, viendeshi vya vifaa na kerneli zenyewe hugusa moja kwa moja kumbukumbu ya mashine. Kwa hiyo hurithi tabia zote za mashine hiyo.

Katika makala haya, neno jukwaa linatumika kwa maana ya muungano wa vitu vinne: kichakataji, mfumo endeshi, maktaba ya msingi ya C na kompaila. Maana hii ni pana kuliko ile ya mazoea, ambayo hulinganisha jukwaa na mfumo endeshi tu. Upana huo ni wa lazima. Mifumo miwili yenye kerneli ileile ya Linux na kichakataji kilekile inaweza kutofautiana kwa sababu mmoja unatumia maktaba ya glibc na mwingine unatumia musl. Vivyo hivyo, mashine moja inaweza kushindwa leo kujenga programu iliyoijenga jana, kwa sababu kompaila pekee ndiyo iliyobadilishwa.

2.0 Ngazi Ambamo Makosa Hujitokeza

Ujenzi wa programu ya C una hatua tatu za msingi. Kwanza ni usanidi, ambapo vyombo kama Autoconf, CMake au Meson hupima mashine ili kujua ina nini na haina nini. Pili ni utafsiri, ambapo kompaila hugeuza kila faili la msimbo. Tatu ni uunganishaji, ambapo vipande vilivyotafsiriwa hufungwa pamoja na maktaba za nje. Hatua ya nne, uendeshaji, kwa kawaida haihesabiwi kuwa sehemu ya ujenzi, lakini hapa inajumuishwa kwa sababu makosa mabaya zaidi ya ujenzi hupita hatua tatu za mwanzo bila kuonekana.

Mgawanyo huu una maana katika uchunguzi. Kosa la utafsiri hutaja faili na mstari. Kosa la uunganishaji hutaja jina la fankisheni isiyopatikana, bila kueleza ni kwa nini haikupatikana. Kosa la usanidi huweza kukosa ujumbe kabisa: programu hujengwa ikiwa na upungufu, na hakuna anayeambiwa. Kosa la uendeshaji hujitokeza kwa mtumiaji, pengine miezi kadhaa baadaye. Kadiri kosa linavyochelewa kujitokeza, ndivyo gharama ya kulitafuta inavyoongezeka.

3.0 Vyanzo vya Kawaida vya Kuvunjika

3.1 Ukubwa na Alama za Aina za Data

Viwango vya lugha ya C huweka kiwango cha chini cha ukubwa wa aina za namba, na kuacha ukubwa halisi uamuliwe na jukwaa. Katika Linux na macOS za biti 64, aina ya long ina biti 64. Katika Windows ya biti 64, aina hiyohiyo ina biti 32, ingawa vielekezi vya kumbukumbu vina biti 64. Mwanaprogramu aliyezoea Linux akihifadhi kielekezi ndani ya long, msimbo wake utafanya kazi kwake, na utapoteza nusu ya anwani katika Windows. Suluhisho limekuwapo tangu kiwango cha C cha mwaka 1999, ambacho kilileta aina zenye ukubwa unaotajwa wazi, kama int32_t na int64_t, pamoja na intptr_t kwa ajili ya vielekezi.

Tofauti iliyofichika zaidi ni ya aina ya char. Kiwango hakisemi kama char inaweza kubeba thamani hasi. Katika Linux inayoendeshwa na vichakataji vya familia ya x86, char hubeba hasi. Katika Linux ya vichakataji vya ARM, haibebi. Mfano wa maandishi ya Kiswahili unaonesha jambo hili vizuri. Kiswahili kinapoandikwa kwa hati za Kirumi, kila herufi yake katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti moja yenye thamani iliyo chini ya 128. Kwa hiyo programu inayotumia thamani ya herufi kama faharasa ya jedwali lenye nafasi 256 itapita majaribio yote katika mashine zote. Kiswahili kinapoandikwa kwa hati za Kiarabu, mambo hubadilika. Herufi ya alifu huchukua baiti mbili, 216 na 167. Katika ARM, thamani hizo husomwa kama zilivyo. Katika x86, husomwa kuwa −40 na −89, na programu huenda kusoma kumbukumbu iliyo kabla ya jedwali. Katika mashine zote mbili utafsiri hupita. Mara nyingi hata onyo halitolewi. Anayeipima programu kwa matini za hati za Kirumi peke yake hataliona kosa hilo kamwe.

Upande wa pili wa tatizo hilo huwapata wanaoanzia x86. Kitanzi kinachosoma faili na kuhifadhi matokeo ya getchar katika char, kisha kuyalinganisha na EOF, ambayo kwa kawaida ni −1, hufanya kazi katika x86 kwa matini za kawaida. Katika ARM kitanzi hicho hakiishi, kwa kuwa char isiyobeba hasi haiwezi kuwa −1. Ni kwa sababu ya mikanganyiko ya aina hii kerneli ya Linux, kuanzia toleo la 6.2 la mwaka 2023, hujengwa kwa chaguo linaloifanya char isibebe hasi katika vichakataji vyote.

3.2 Kubadilika kwa Kompaila

Lugha ya C ya zamani iliruhusu fankisheni kuitwa bila kutamkwa kwanza. Kompaila ilichukulia kuwa fankisheni hiyo inarudisha int. Kiwango cha mwaka 1999 kiliondoa ruhusa hiyo, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini kompaila ziliendelea kutoa onyo tu. Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 ziligeuza onyo hilo kuwa kosa. Programu nyingi za zamani zilivunjika kwa mkupuo.

Ni rahisi kuona mabadiliko hayo kama udhia kwa watunzaji wa programu. Hata hivyo, onyo lililopuuzwa lilikuwa likificha kosa halisi. Fankisheni inayorudisha kielekezi cha biti 64, ikichukuliwa kuwa inarudisha int ya biti 32, hukatwa nusu. Programu iliyoonekana kufanya kazi ilikuwa ikifanya kazi kwa bahati ya anwani ndogo.

Mabadiliko mengine ya aina hii yalitokea katika GCC 10 ya mwaka 2020. Kabla yake, kigeu cha jumla kilichofafanuliwa katika faili mbili kwa jina moja kiliunganishwa kimyakimya kuwa kimoja. Kuanzia toleo hilo, uunganishaji hukataa. Urekebishaji sahihi ni kubakiza ufafanuzi katika faili moja na kuweka tamko la extern katika faili la matamko. Urekebishaji wa haraka, yaani kurudisha tabia ya zamani kwa chaguo la kompaila, hunyamazisha kosa na kuliacha lilipo.

3.3 Uunganishaji na Majina ya Faili

Kiunganishi cha kawaida cha GNU husoma maktaba tuli kutoka kushoto kwenda kulia, na huchukua kutoka kila maktaba kile tu ambacho tayari kimehitajiwa. Maktaba ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji, haitachukuliwa kitu. LLD, kiunganishi cha mradi wa LLVM, hukumbuka yaliyomo katika maktaba zilizopita, hivyo mpangilio uleule unaoshindwa kwa kimoja hupita kwa kingine. Mtunzaji anayetumia LLD peke yake hana njia ya kujua kwamba mpangilio wake ni mbovu.

Majina ya faili nayo yana mtego wake. Katika Linux, herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Katika mpangilio wa kawaida wa Windows na macOS, hazitofautishwi. Msimbo unaotaja Windows.h hupita katika Windows, na hushindwa unapojengwa katika Linux kwa vyombo vya MinGW, ambavyo vina faili liitwalo windows.h. Kinyume chake pia hutokea: hifadhi ya kerneli ya Linux ina faili xt_TCPMSS.h na xt_tcpmss.h katika folda moja, na mashine isiyotofautisha herufi haiwezi kuyahifadhi yote mawili.

3.4 Hesabu ya Muda

Mifumo ya jadi ya biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kerneli ya Linux iliandaa njia ya biti 64 kwa mashine hizo katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, musl ikahamia mwaka huohuo, na glibc ikatoa uchaguzi katika toleo la 2.34 la mwaka 2021.

Ugumu haumo katika kupanua namba, bali katika makubaliano baina ya vipande. Ikiwa maktaba imejengwa kwa muda wa biti 32 na programu inayoitumia imejengwa kwa muda wa biti 64, kila upande huwa na picha yake ya mpangilio wa data katika kumbukumbu. Majina ya fankisheni ni yaleyale, kwa hiyo kiunganishi hakioni tofauti. Ndiyo maana Debian, katika uhamaji uliofanyika kwa kiasi kikubwa mwaka 2024, ililazimika kubadilisha majina ya vifurushi vya maktaba zilizoguswa na kuvijenga upya pamoja na vyote vinavyozitegemea. Jukwaa la i386 liliachwa makusudi na muda wa biti 32, kwa sababu umuhimu wake uliobaki ni kuendesha programu za zamani ambazo haziwezi tena kujengwa upya.

4.0 Usanidi: Kosa Linalosafiri

Mifano iliyotangulia ina kosa lililo ndani ya msimbo wa programu. Hatua ya usanidi ina kosa la aina nyingine, ambalo huzaliwa hatua moja na kuonekana hatua nyingine. Kisa cha rpl_malloc kinafaa kulieleza.

Mtu anayejenga programu katika kompyuta ya x86 kwa ajili ya kifaa chenye kichakataji kingine hufanya ujenzi mtambuka. Hupita usanidi, hupita utafsiri, kisha huambiwa na kiunganishi kwamba fankisheni rpl_malloc haipatikani. Akitafuta jina hilo katika msimbo wa programu, halipo. Halikuandikwa na mwanaprogramu yeyote wa mradi huo.

Chanzo ni kipimo cha Autoconf kinachouliza swali dogo: je, malloc ikiombwa baiti sifuri hurudisha kielekezi halali? Jibu hupatikana kwa kuendesha programu fupi. Katika ujenzi mtambuka, programu ya jaribio imetengenezwa kwa ajili ya kichakataji kingine na haiwezi kuendeshwa hapo. Kipimo kikikosa jibu, hukisia. Na katika matoleo mengi ya Autoconf kilikisia kwa tahadhari kwamba malloc ya jukwaa lengwa haifai. Kisha hulibadilisha jina malloc kila mahali kuwa rpl_malloc, kwa matarajio kwamba mradi una fankisheni mbadala yenye jina hilo. Miradi mingi haina.

Kiraka kilichozoeleka ni kumpa msanidi jibu kwa nguvu kupitia kigeu cha kumbukumbu ya vipimo, ac_cv_func_malloc_0_nonnull. Kiraka hicho humsaidia aliyekiweka na humwacha anayefuata na tatizo lilelile. Urekebishaji wenyewe huanza na swali: je, programu hii huomba baiti sifuri popote na kutegemea jibu? Ikiwa haifanyi hivyo, kipimo hakina kazi na kinafaa kuondolewa. Ikiwa inafanya hivyo, mradi una wajibu wa kuleta fankisheni mbadala. Katika hali zote mbili, marekebisho hufanyika katika faili la usanidi la mradi na kurudishwa kwa watunzaji wake.

Kisa hiki kinafichua kasoro ya jumla. Kipimo cha usanidi hutoa majibu mawili: kipo au hakipo. Hali halisi ni tatu: kipo, hakipo, au kipimo chenyewe hakikufanya kazi. Hali ya tatu huhesabiwa kuwa ya pili. Mabadiliko ya GCC 14 yaliyoelezwa hapo juu yaliongeza hatari hiyo, kwa kuwa programu fupi nyingi za vipimo vya zamani nazo ziliita fankisheni bila kuzitamka. Kompaila mpya ilizikataa, na usanidi ukahitimisha kwamba mashine haina uwezo ambao kwa kweli inao. Programu ilijengwa bila kosa lolote, ikiwa na uwezo pungufu.

Skripti za utambuzi wa mashine, config.guess na config.sub, zina ulegevu wa namna hiyo pia, japo wake huonekana. Usanifu wa ARM wa biti 64 ulitangazwa mwaka 2011. Kifurushi kilichobeba nakala za skripti hizo za mwaka 2009 hakiwezi kuutambua, na husimama hapohapo. Kusimama huko, ingawa kunaudhi, ni bora kuliko kukisia. Tiba yake ni kubadilisha nakala hizo kwa mpya, bila kugusa msimbo wa programu.

5.0 Kisa cha XZ na Maana Yake

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ, maktaba ya kubana data inayotumika sana katika mifumo ya Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kutilia shaka baada ya kuona kuingia kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Tukio hilo limesajiliwa kwa namba CVE-2024-3094.

Mjadala wa umma umejikita katika namna mhusika alivyojipatia imani ya mradi. Kwa mtazamo wa makala haya, mambo mawili ya kiufundi yana uzito zaidi. La kwanza ni kwamba mlango huo uliingizwa kupitia ujenzi. Faili la usanidi build-to-host.m4 lililokuwa ndani ya kifurushi cha kusambazwa lilikuwa na mistari isiyokuwamo katika hifadhi ya msimbo. Mistari hiyo ilichota maelekezo kutoka faili za majaribio na kuyapenyeza katika maktaba. Tofauti baina ya kifurushi na hifadhi haikushtua, kwa sababu ni desturi ya miradi inayotumia Autoconf kuweka katika kifurushi faili zilizozalishwa ambazo hazimo katika hifadhi.

La pili ni dogo kwa umbo. Katika faili la CMake la mradi huohuo kulikuwa na kipimo cha kujua kama mashine ina Landlock, kizuizi cha kerneli ya Linux kinachopunguza mamlaka ya programu. Ndani ya programu fupi ya kipimo iliwekwa nukta moja, peke yake kwenye mstari. Nukta hiyo ilifanya programu isitafsirike katika mashine yoyote. Kipimo kikajibu kila mahali kwamba Landlock haipo, na ujenzi wa njia hiyo ukaendelea bila kizuizi na bila ujumbe.

Nukta hiyo ilitumia kasoro ileile iliyoelezwa katika sehemu ya nne. Msomaji wa kumbukumbu za ujenzi asingeweza kuitofautisha na hali ya kawaida ya mashine isiyo na Landlock. Hapa ndipo uzito wa suala unapoonekana: pale ambapo mfumo wa ujenzi umezoea kushindwa kimya, kosa la bahati mbaya na hila hufanana sura. Anayezoea kupuuza vipimo vilivyoshindwa kwa sababu "hivyo ndivyo vilivyo" huacha mlango wazi kwa zote mbili.

6.0 Utaratibu wa Uchunguzi na Urekebishaji

Kutokana na ufafanuzi uliotangulia, utaratibu ufuatao unapendekezwa kwa watafiti na watunzaji.

Kwanza, lisomwe kosa la mwanzo, si la mwisho. Ujenzi huendeshwa kwa kazi nyingi sambamba, na ujumbe wa mwisho aghalabu ni mwangwi wa kosa lililotangulia. Kurudia ujenzi kwa kazi moja moja huweka mambo katika mfuatano.

Pili, kumbukumbu za usanidi zisomwe hata pale usanidi ulipofaulu. Autoconf huandika katika config.log kila programu fupi ya kipimo pamoja na sababu ya kukataliwa kwake. CMake, kuanzia toleo la 3.26, huandika taarifa hizo katika CMakeConfigureLog.yaml. Kipimo kilichoshindwa kwa kosa la sarufi, badala ya kukosekana kwa fankisheni inayotafutwa, ni kipimo kibovu.

Tatu, uwezo upimwe, jina la jukwaa lisitumike badala yake. Sharti linalosema "ikiwa ni Linux, tumia glibc" huvunjika katika mashine ya musl. Sharti linalouliza kama fankisheni fulani ipo hudumu.

Nne, pale ambapo uwezo unahusu usalama, usanidi usimame ukikosa jibu. Mtumiaji aombwe kutamka mwenyewe kwamba anakubali kujenga bila uwezo huo. Kanuni hii peke yake ingetosha kuifanya nukta ya XZ igundulike katika ujenzi wa kwanza.

Tano, majukwaa yaigwe pale yasipokuwapo. Ukosefu wa mashine nyingi si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Chaguo la -funsigned-char katika kompyuta ya x86 huiga tabia ya char ya ARM. Chaguo la -m32 huiga mashine ya biti 32. QEMU huendesha programu za s390x, ambayo hupanga baiti kwa mfuatano wa kinyume na x86. Vyombo vya kukagua kumbukumbu vilivyomo katika GCC na Clang hunasa faharasa hasi kama ile ya mfano wa alifu. Maabara yenye kompyuta moja inaweza hivyo kugundua sehemu kubwa ya makosa yaliyojadiliwa hapa.

Sita, marekebisho yarudishwe kwenye chanzo yakiwa na maelezo ya dhana iliyokuwa na kosa. Kiraka kisemacho tu kwamba "ujenzi sasa unapita" hakimwezeshi mtunzaji kukipima, hasa mtunzaji asiyekuwa na jukwaa husika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa kuvunjika kwa ujenzi baina ya majukwaa hutokana na dhana ambazo mwanaprogramu hakuzitamka: ukubwa wa namba, alama ya herufi, mpangilio wa maktaba, upana wa muda. Jukwaa jipya haliumbi kosa, hulifichua. Kwa msingi huo, kipimo cha ubora wa urekebishaji ni kama dhana imetamkwa na kurekebishwa, wala si kama ujumbe wa kosa umetoweka.

Imeoneshwa pia kwamba hatua ya usanidi ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa haitofautishi kukosekana kwa uwezo na kuharibika kwa kipimo. Utafiti zaidi unahitajika katika namna ya kuvipa vyombo vya usanidi jibu la tatu bila kuvunja maelfu ya miradi inayotegemea majibu mawili. Hadi hilo litakapofanyika, mzigo wa kutofautisha unabaki kwa wanaojenga, na njia waliyonayo ni kusoma kumbukumbu za ujenzi uliofaulu kwa makini yaleyale wanayosomea za ule ulioshindwa.